Mkono Ulioniomba Niufute

Mpendwa Baba Neema,

Hilo neno la kwanza nimeliweka kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, na wewe ni mtu unayependa vitu vikae mahali pake. Usilitafutie maana nyingine. Naandika wazi, asome anayetaka, kwa kuwa anwani yako siijui na sitaki kuijua, na kwa kuwa nitakayosema humu hayakuhusu wewe peke yako.

Jumatatu dada yako Mercy alinifuata kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuogesha na kulisha. Alinikuta nimeshika beseni. Alikuwa ameiona ile sehemu ya sinema yetu ya katuni niliyowapa akina mama wa kanisa waijaribu kwenye projekta, akakupigia simu kukueleza, na sasa alikuwa amekuja na jibu lako. "Anasema tafadhali uufute ule mkono kabla ya onyesho la kanisani Jumamosi," aliniambia, huku akitazama beseni badala ya kunitazama mimi. Kwamba watu watakijua kile kidole. Kwamba umeshaadhibiwa, umepata kazi, unaanza maisha upya huko Croydon, na mkono mmoja wa karatasi hauwezi kunishinda kubadilisha.

Ni kweli, hauwezi kunishinda. Kukata mkono wa karatasi ni kazi ya dakika kumi. Nimekaa na ombi lako siku nne.

Nilikujua huko huko Croydon, kwenye foleni ya lile jengo kubwa la uhamiaji, asubuhi ya baridi ya kutafuna masikio. Ulikuwa mbele yangu. Walipokuchukua alama za vidole, yule binti wa mashine alikishika kidole chako cha shahada cha mkono wa kushoto, akakigeuza, akatafuta ncha. Ncha haikuwepo. Ilibaki Nairobi, chini ya mashine ya kukatia karatasi, kwenye kiwanda cha uchapaji ulikokuwa fundi. Ukanigeukia, mtu usiyemjua, ukasema kwa Kiswahili bila hata kuuliza kama nakielewa, "Hawa watanitambua kwa kitu nisichokuwa nacho." Nilicheka hadi mlinzi akatutazama. Ulinipata kwa kicheko, na hilo sitalikana.

Unakumbuka tulivyohamia Harrow, vyumba viwili vya juu kwa Bi Kusum? Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mjane, mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Jumamosi akituita chini, anachambua dengu kwenye sinia, televisheni inaongea peke yake, na yeye anatusimulia ule utenzi wa kale wa kwao, wa binamu waliochinjana kugombea ufalme hadi nchi ikabaki ya wajane. Alikuwa akisimulia kama mtu anayesengenya majirani. Nasi tulikuwa tukimeza kila neno, Neema akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni.

Hasa ile siku ya ukumbi wa kamari. Mfalme anaitwa na binamu zake kucheza dado. Anapoteza ng'ombe, anapoteza jumba, anapoteza ndugu zake mmoja mmoja, anajipoteza yeye mwenyewe, halafu, kwa kuwa hana kitu kingine, anamweka mke wake. Anampoteza pia. Shemeji mtu anatumwa kumleta. Anamburuta malkia kwa nywele kutoka chumbani hadi katikati ya ukumbi na kuanza kumvua nguo mbele ya babu, mbele ya walimu, mbele ya waume zake watano, maana ndugu wote walimwoa yeye mmoja. Malkia anawauliza wazee swali moja tu: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe, alipata wapi haki ya kuniweka mimi?

"Wazee yote iko kimya," Bi Kusum alisema, akatupa kijiwe alichokitoa kwenye dengu. "Naangalia mikono yao tu. Hapana simama hata moja."

Mungu wao ndiye aliyemwokoa, nguo ikawa inavutwa na haiishi, rundo la hariri hadi mvutaji akachoka akakaa chini. Lakini malkia hakushukuru akaenda kulala. Aliapa kwamba nywele zake hazitafungwa tena mpaka zioshwe kwa damu ya yule aliyezishika. Na mume mmoja akaapa kumpasua kifua mtu huyo na kuinywa damu yake. Miaka ikapita, vita ikaja, na kila neno la kiapo likatimizwa kwenye matope. Wewe ulikuwa umeinama mbele, viwiko magotini. Ukaniambia tunapanda ngazi, "Mama Neema, hii tuifanye katuni. Wewe uchore, mimi nikate."

Nani mwingine angeniambia hivyo? Mwanamke anayefuta mate ya wazee wa watu siku tano kwa wiki, halafu mume wake anamwambia achore. Nilikupenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Tulikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, kamera ya mtumba juu yake ikitazama chini, na pazia zito dirishani ili mwanga wa nje usitupotoshe. Watu tuliwakata kutoka kwenye maboksi ya nafaka, viungo vyao tukavishikiza kwa pini za shaba. Unasogeza mkono wa karatasi kidogo, unatoa mikono yako, kamera inapiga. Unasogeza tena, unatoa, inapiga. Picha kumi na mbili ndizo zinazotengeneza sekunde moja, na mtu akigusa meza, kila kitu kinaruka kama kimeona nyoka na kazi ya wiki inatupwa. Neema alijifunza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wageni walimsifu kwamba ana adabu.

Tulianza na vita, kwa sababu wewe ulitaka vita. Ulikata vichwa na kuvirusha picha kwa picha, nami nikavuta nyuzi nyekundu kutoka shingoni iwe damu. Ulikuwa na ufundi wa kutisha. Ulijua mwili unavyoanguka, goti kwanza, halafu nyonga, na kichwa mwisho kabisa. Ulimpasua yule shemeji kifua kwa wembe mdogo na ukajaza ndani vipande vya hariri nyekundu ulivyookota kwa mshonaji wa Southall, kisha ukavitoa kwa koleo kimoja kimoja. Niliangalia kazi hiyo ikizunguka kwenye kompyuta na nikapiga makofi.

Mkono sasa. Siku tuliyotaka kumtengeneza shemeji mwenyewe, yule wa ukumbini, mikono niliyoichora haikukupendeza. Ulisema ni laini mno, ni ya mwalimu wa Jumapili. Ukaweka kiganja chako cha kushoto juu ya boksi, ukakitandaza. "Tumia huu. Jamaa anataka mkono mbaya, na mimi ninao." Nikaufuata kwa penseli pole pole, kidole kwa kidole, nikazunguka pale pasipokuwa na ncha, nawe ukawa unacheka kwa kutekenywa. Ulijichagua mwenyewe, Baba Neema. Hilo Mercy hukumwambia.

Sikumbuki kofi la kwanza lilikuwa la nini. Nadhani taa ilicheza nami nikasema si kitu. Kesho yake ulinikatia malkia mpya, mzuri kuliko wa kwanza, mwenye nywele za uzi mweusi ulizopanda moja moja, ukaniwekea juu ya mto. Nikamchukua. La pili lilinipasua mdomo, nikaenda kazini nikawaambia ni mlango wa kabati. Mara ya tatu hukutumia kofi, ulinishika nywele ukanigongesha ukutani mpaka nikaona nyota, na baada ya hapo ukasema kwa sauti ya mtu anayejadili hali ya hewa kwamba sasa umeelewa kichwa cha malkia kinavyopaswa kwenda nyuma. Ukakaa mezani ukasahihisha ile sehemu. Na ilikuwa bora. Mungu anisamehe, niliona kwamba ilikuwa bora, na sikuitoa.

Tufike Jumapili ile. Saa nane mchana, pazia limefungwa, nje watoto wa jirani wanapiga mpira. Tulikuwa kwenye nguo inayovutwa, sehemu ngumu kuliko zote, siku ya kumi na sita. Hariri ilikuwa imebanwa upande mmoja, na ukimwachia malkia anavutwa anatoka mahali pake. Kwa hiyo tuliiweka kamera ijipige yenyewe kila baada ya sekunde tano: tunasogeza, tunatoa mikono kufumba na kufumbua, inapiga, tunamshika tena kabla hajateleza. Neema, miaka tisa, alifungua mlango na sahani ya chapati alizotumwa na Bi Kusum. Hakuona waya sakafuni. Akaanguka na sahani, na mguu wake ukapiga mguu wa meza.

Ulisema, "Unajua umefanya nini? Unajua?" Ukachukua ile rula ya chuma ya kukatia. Mtoto alikuwa bado anaokota chapati. Ulimpiga mgongoni, ukampiga begani, akainua mkono kufunika kichwa ukampiga mkono, na ulipoupata ukaurudia hapo hapo. Nilisikia mfupa. Watu husema hawakumbuki sauti hiyo, mimi naikumbuka. Halafu nikapiga mayowe, nikaruka, nikamlalia, rula ikaniangukia mimi kichwani, damu ikaingia machoni. Ndivyo nilivyomweleza daktari aliyeuliza. Ndivyo nilivyowaeleza polisi waliokuja kesho yake, na ndivyo nilivyomweleza Mercy, na ndivyo akina mama wa kanisa wanavyoisimulia hadi leo. Niliruka papo hapo. Nilikuwa naamini hivyo kama ninavyoamini jina langu.

Ukakiri, ukafungwa, ukatoka, na mahakama ikakukataza kutukaribia. Mimi nikabaki na vyumba viwili na vita nzima ndani ya boksi la viatu.

Nikwambie ukweli mwingine? Nilikuwa na hamu nawe. Nilikuwa nikisikia treni ya kwanza ya asubuhi inapita na kunyoosha mkono upande wako wa kitanda. Halafu nikikumbuka mkono wa Neema kwenye plasta, nilitaka damu yako. Si mfano. Nilikaa na nywele zangu wazi mbele ya kioo nikielewa kabisa yule malkia alitaka nini, na ingekuwa kuna mtu wa kuniletea kwenye bakuli ningeosha nayo kichwa. Yote mawili niliyahisi ndani ya saa moja, siku nyingi, na nilikuwa naenda kazini vilevile.

Miaka miwili sikuigusa kamera. Neema ndiye aliyeniambia tuimalize, alipofika kumi na moja, kwa Kiingereza chake cha shuleni maana Kiswahili anakielewa lakini hakijibu. Basi nikachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta nitafute tulipoishia. Ukumbi ulikuwepo. Malkia alikuwepo. Hariri inasogea vizuri, picha baada ya picha. Kisha meza inaruka, kila kitu kinaenda upande. Na baada ya hapo kamera iliendelea, Baba Neema. Hakuna aliyeizima. Ilikuwa inatazama meza tu na ilipiga ilichokiona.

Wa kwanza kuonekana ni mkono wako wa kushoto. Umekaa juu ya kioo, pembeni mwa ukumbi, umeegemea ili upate nguvu ya ule wa kulia tusiouona. Taa ya chini inauangaza vidole vyote, na kile kisicho na ncha kinaonekana kuliko vingine. Kwenye picha nyingine umesogea kidogo, nyingine umerudi. Ukiziendesha pamoja, unaruka juu ya kioo, na kila unaporuka ninajua ni pigo gani.

Wewe unauliza habari za mkono wa karatasi. Huo mwingine hukuujua.

Sasa nisikilize. Katikati ya picha hizo kuna mikono mingine miwili. Ni yangu. Imemshika malkia, mmoja mabegani, mwingine kwenye pindo la nguo, ili hariri isimvute atoke mahali pake. Ipo picha ya kwanza baada ya meza kuruka. Ipo ya pili. Ipo ya tatu. Nilihesabu nikiwa nimekaa, nikahesabu nikiwa nimesimama. Picha saba. Zaidi ya nusu dakika mtoto wangu alikuwa anavunjwa hatua mbili kutoka nilipo, na mimi nilikuwa nimeshika karatasi ili tusipoteze siku ya kumi na sita. Katika picha ya nane mikono yangu haipo tena, na malkia amevutwa ameanguka kifudifudi.

 Nilitaka kuzifuta zote na nisimwambie mtu, kwa hiyo ombi lako nalielewa vizuri kuliko unavyodhani.

Siku ya pili nilimwonyesha Neema. Nilifikiri atalia, au ataondoka. Aliziendesha mbele na nyuma mara kadhaa, mkono wake uliovunjika ukiwa kwenye kipanya, kisha akasema kwa Kiingereza, bila kupaza sauti, kwamba anakumbuka. Kwamba siku ile aliniita, akaona nimeangalia meza. Kwamba alidhani mimi ndiye niliyesahau na yeye akaamua kutonikumbusha. Miaka miwili mtoto huyo amesikia nikiitwa shujaa kanisani, na amekaa kando yangu kimya na adabu zake.

Nilishuka chini kwa Bi Kusum nikamweleza, kwa kuwa nilitaka mtu anitukane. Hakunitukana. Alizima televisheni, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. "Mimi nasikia ile siku," alisema. "Nasikia mtoto nalia. Mimi naongeza sauti ya TV." Akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Na hadithi yote mimi ndio nafundisha nyinyi." Kwa hiyo naye amekaa ukumbini sasa, mtu wa karatasi kama wenzake. Aliniomba mwenyewe. Safu ya wazee, wa tatu kutoka kushoto, mwenye miwani.

Jumatatu hii, baada ya Mercy kuondoka, nilijaribu. Nisidhaniwe sikujaribu. Nilikata mkono mpya wenye vidole vitano vizima, mkono safi usio wa mtu yeyote, nikaushikiza kwa pini kwenye bega la shemeji. Neema alirudi shule, akatupa begi, akautazama. Akauliza huo ni wa nani. Nikasema baba yako ameomba. Akauliza, basi mimi nilipigwa na nani? Akaenda jikoni kutafuta chakula. Nikautoa ule mkono mpya nikauchana.

Mkono wako unabaki. Wa karatasi unabaki begani mwa shemeji, ulikojiweka mwenyewe ukicheka, na ule mwingine nimeuweka ndani ya sinema pamoja na wangu. Shemeji anapomshika malkia nywele na wazee wanatazama mapaja yao, karatasi zinasimama, na zinakuja zile picha saba kama zilivyo, bila muziki. Neema ndiye aliyechagua zikae muda gani. Usije. Amri ya mahakama bado ipo, na nikikuona mlangoni nitaita polisi kabla sijakusalimia. Kama watu wa Croydon watakitambua kidole, watakitambua. Kazi yangu nami huenda ikaisha, maana mtu aliyeshika karatasi wakati mtoto wake anavunjwa atapewaje wazee wa watu. Nimelifikiria hilo pia, siku zote nne.

Jumamosi mchana, Mama Mchungaji atashika kipaza sauti anitambulishe kama kawaida yake, mama aliyejitupa mbele ya rula. Nitamwacha amalize. Taa zitazimwa. Watacheza dado, atapoteza ng'ombe, atapoteza ndugu, atampoteza mkewe, na zitakuja picha saba. Mkono wako hautahitaji maelezo. Lakini watu watanong'onezana hii mingine miwili ni ya nani, iliyotulia hivi, na hapo nitasimama kwenye kiti changu, mbele ya projekta, ili waione.

Neema amesema atakaa karibu nami. Hakusema kama naye atasimama, na sikumuuliza.

Kwaheri, Baba Neema. Ulikuwa fundi, na nilikupenda, na sitaki kukuona tena.

Ni mimi,
Mama Neema